Mtamba wa Clavellina

Aleida Guanaro alifika shuleni kwetu na godoro la sufi kichwani, baba yake nyuma ameshika kofia, na swali lake la kwanza halikuwa bweni liko wapi. Aliuliza ng'ombe wanalala wapi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, nikajisemea moyoni, huyu hatadumu. Wanaokuja na mapenzi mengi kwa ng'ombe ndio wa kwanza kulia mvua zikianza na mavi yakiwafika magotini. Nilikosea, na mimi sikosei mara nyingi.

Shule yenyewe ni ya kilimo na mifugo, ya bweni, katika mbuga za Casanare, mahali ambapo mvua zikikolea barabara inageuka mto na mto unageuka bahari. Mwenye chochote alilipa ada. Asiye na chochote alilipa kwa jasho: nguruwe, kuku, bustani ya mihogo, au ng'ombe wa maziwa. Nguruwe walikuwa na nafuu. Ukiwalisha na kuwafagilia unarudi kulala, na wanafunzi walijiliwaza kwa kumwita dume kubwa Mkurugenzi, mpaka mkurugenzi mwenyewe akasikia na kuwafagiza uwanja mzima. Ng'ombe hawana nafuu. Hawajui Jumapili wala Krismasi. Aleida alichagua ng'ombe.

Baba yake, Don Críspulo, alikuwa mkamuaji wa kuajiriwa. Zamani alikuwa na ng'ombe wake, si wengi, wakaenda na mafuriko ya mto Meta, na tangu hapo akawa anawaimbia ng'ombe wa watu katika zizi la tajiri mmoja upande wa pili wa mto. Mzee huyo hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa mtu aliyepata pigo moja na hakuinuka tena. Siku alipomleta binti yake nilimpa kahawa na kipande cha jibini, akakaa kwenye ukingo wa benchi kana kwamba benchi lina mwenyewe.

"Mama Mina," akaniambia, "nasikia hapa mwanafunzi akimaliza anaondoka na ng'ombe."

"Anaondoka na mtamba, Don Críspulo. Akiwa amemlea yeye mwenyewe, na akiwa mzima."

"Mmoja anatosha," akasema. "Ukiwa na jike mmoja, wewe si mtu wa kuajiriwa tena. Wewe ni mtu aliyeanza."

Ndicho alichokuwa anakitaka duniani, na binti yake alikitaka kwa niaba yake. Hakuwa na ndoto nyingine, na ningekuwa muongo nikimtungia.

Kwetu ng'ombe hakamuliwi kimya. Ndama hulala zizi lao, mama zao hulala nje, na alfajiri mkamuaji huimba jina la ng'ombe anayemtaka. Ng'ombe akisikia jina lake huja mwenyewe. Ndama naye hulijua jina la mama yake kuliko kitu kingine chochote, basi utamwona anawapenya wenzake mpaka langoni, anangoja afunguliwe. Ananyonya kidogo ili mama ashushe maziwa, kisha anafungwa kwenye mguu wa mbele wa mama yake, na mkamuaji anaweka ndoo. Ndama hana jina lake. Anaitika la mama. Jina la peke yake mtamba hulipata siku anayozaa, na kumpa kabla ni kumtakia utasa. Ndivyo tulivyolelewa, na hata walimu wenye vyeti ukutani hawathubutu kwenda kinyume.

Sauti ya Aleida haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba na ilikwaruza kidogo, lakini ilifika mbali, na ng'ombe waliipenda. Wanafunzi waliotoka mjini walimcheka. Mmoja wao, Wilmar, mtoto wa mwenye duka kubwa la dawa, alisimama uzioni siku za mwanzo akipiga kelele:

"Aleida! Niimbie na mimi nishushe maziwa!"

"Wewe hutashusha kitu zaidi ya kamasi," akamjibu bila kuinua kichwa. "Shika ndoo hiyo au ondoka, unawatisha."

Wilmar akashika ndoo. Ndivyo alivyokuwa Aleida, hakupandisha sauti kwa watu.

Clavellina alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye madoa, mtukutu, mwenye mateke ya kuvunja ndoo. Wanafunzi walikuwa wakimkwepa kwa zamu. Aleida alimzoea kwa uvumilivu tu, na Clavellina alipozaa, miguu ya nyuma ya ndama ikitangulia, ni Aleida aliyelala chali kwenye matope akivuta pamoja na mwalimu wa mifugo, Don Eliécer. Alitoka jike mweupe, masikio ya rangi ya asali. Don Eliécer akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Haya, wako huyo. Ukimuua nakuua."

Hakumuua. Alimlea kama watu wanavyomlea mtoto wa mwisho. Kupe wote alimtoa kwa mkono. Alipoharisha alimnywesha maji ya sukari guru na chumvi kwa chupa, na nikimkosa bwenini nilijua yuko wapi. Mtamba akanawiri, akawa mkubwa, akaachishwa ziwa, na bado alikuwa wa Clavellina tu.

"Mpe jina huyo," Don Eliécer akamwambia siku moja jikoni kwangu, huku akichovya mkate wa mahindi kwenye kahawa. "Ameshakuwa msichana. Unamwitaje?"

"Wa Clavellina."

"Hilo si jina, hiyo ni anwani."

"Jina atapata akizaa, Don Eliécer. Unataka aje kuwa tasa?"

Don Eliécer akacheka, akaniangalia mimi nimtetee. Sikumtetea. Mimi pia ningesema vile vile.

Kiangazi cha mwaka wake wa mwisho, Clavellina akatupa mimba. Aleida aliikuta kwenye nyasi, akaifukia kama alivyofundishwa, akanawa kwa majivu, akaenda kumwambia mwalimu kama alivyofundishwa.  Don Eliécer akavua kofia akaivaa tena. Baada ya muda akaja daktari wa mifugo, Daktari Pinzón, mtu wa milimani mwenye mashavu mekundu na viatu visivyojua tope, akatoa damu za ng'ombe wote akaenda nazo. Aliporudi alikuwa na jibu: Clavellina anao ule ugonjwa wa kutupa mimba, unaoingia kwenye maziwa na kuwapa watu homa isiyoisha.

Mimi homa hiyo naijua. Niliipata ujana wangu kwa jibini la maziwa mabichi, ikaniganda kwenye viungo, na mpaka leo mvua ikija natembea kama bata. Kwa hiyo sikushangaa daktari aliposema ng'ombe huyo ataenda kuchinjwa. Nilichokataa kukisikia ni kile alichoongeza.

"Na binti yake," akasema. "Yule aliyelelewa kwa maziwa yake."

"Damu ya mtamba ni safi, Daktari," Don Eliécer akasema. "Umesema mwenyewe."

"Safi leo. Kwa mtamba ugonjwa huu hujificha mpaka azae. Akizaa nyumbani kwa watu, watoto wakanywa maziwa, utaniambia nini?"

Alikuwa na haki. Naisema hivyo, na mpaka leo simpendi. Mtu anaweza kuwa na haki na bado asitazame mtoto anayesimama mbele yake amekumbatia ndoo.

Jioni ile Aleida alikuja jikoni akakaa kwenye gunia la mihogo. Hakulia. Alinisaidia kumenya ndizi, akazimenya vibaya, akiacha nusu ya nyama kwenye ganda.

"Mama Mina, na kama kweli anao?"

"Na kama hana?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

"Mimi ni mpishi, mwanangu. Mimi nachemsha maziwa. Ukiyachemsha maziwa, hata ya shetani yananyweka."

Akatabasamu kidogo. Ndipo Don Eliécer akaingia, akajitia hamnazo, akachungulia sufuria, akasema kama mtu anayezungumza na sufuria: "Huko ng'ambo ya kijito, kwenye kinamasi cha michikichi, kuna nyasi nzuri kiangazi hiki. Mnyama akienda huko hata mimi simwoni. Na daktari anachukua anachokiona. Lori la machinjioni linakuja mara moja tu."

 Asubuhi yake mtamba hakuonekana tena karibu na shule, na mimi sikuuliza.

Tungefanikiwa, kama si Clavellina. Usiku wa kuamkia siku ya lori alivunja uzio. Wengine walisema ni kiu. Mimi nasema alimnusa mwanawe upande ule akamfuata. Lori lilipofika, likiwa na watu wa kamba na Daktari Pinzón mbele, zizi lilikuwa tupu upande wa Clavellina na mti wa uzio umelala chini. Kuhusu mtamba, Don Eliécer alimwambia daktari alipotea siku nyingi. Wapanda farasi wakaingia kinamasini, wakazunguka, wakatoka na matope mpaka kifuani. Kinamasi kile ni kirefu na cheusi, ng'ombe akijificha mle unaweza kumpita kwa karibu usimwone.

Jua likapanda. Daktari akatazama saa yake, akamwita mkurugenzi pembeni, lakini sauti yake ilisikika mpaka jikoni.

"Nisipoondoka na ng'ombe huyo leo, naandika kwamba shule imeficha mgonjwa. Maziwa yenu hayatauzwa, jibini halitauzwa. Na wanafunzi wanaosoma kwa jasho la ng'ombe hao, utajua wewe utawapeleka wapi."

Mkurugenzi akamtazama Don Eliécer. Don Eliécer akamtazama Aleida. Kila mtu pale alijua ni sauti ya nani ingemtoa Clavellina majini.

"Sitaki," Aleida akasema.

"Mwanangu," Don Eliécer akamwambia taratibu, "yeye hata hivyo anakwenda. Wakikaa hapa mpaka kesho wataleta mbwa, watalisaka pori lote. Watawapata wote wawili. Mwite mama atoke, lori liondoke. Mtamba keshaachishwa siku nyingi, keshakuwa ng'ombe mzima. Atabaki kwenye nyasi zake."

Nilikuwa nimesogea mpaka uzioni, unga mikononi. Nilitaka kumwambia asikubali, nikamtaka pia akubali, na kati ya hayo mawili mdomo wangu ukabaki umefungwa. Wanafunzi wote walikuwa wametoka madarasani. Wilmar alikuwa mbele, na safari hii hakuwa na mzaha.

Aleida akatembea mpaka ukingo wa kijito. Akaweka mkono shavuni, kama afanyavyo kila alfajiri, akaanza. Sauti ilikwaruza mwanzoni, halafu ikanyooka.

*Clavellina, Clavellina,*
*njoo, umande umekauka,*
*njoo, ndoo yako iko tupu,*
*njoo, anayekuita ni mimi.*

Michikichi haikutikisika. Akaimba tena. Mara ya tatu michikichi ikatikisika, na Clavellina akatoka, mwekundu, matope mpaka tumboni, akavuka kijito moja kwa moja bila kumtazama mtu yeyote isipokuwa Aleida. Watu wa kamba wakajiweka tayari. Nikamwona Don Eliécer ametazama nyuma ya ng'ombe, kwenye miti, na hapatikisiki kitu. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, asante, Bikira, mmoja tu.

Aleida aliacha kuimba papo hapo. Lakini jina lilikuwa limeshaitwa, na aliyelisikia hakuwa mmoja.

Mtamba alitoka akikimbia. Mkubwa alikuwa, mzuri, mweupe, masikio wima, anakimbia kama ndama anayeogopa lango litafungwa kabla hajafika. Alivuka maji akirusha matone pande zote. Mle kinamasini hakuna aliyekuwa amemwita, wala hakuwa na jina la kuitwa, ila lile moja alilolijua tangu siku aliyozaliwa.

"Na yule?" Daktari Pinzón akauliza.

"Wa jirani," Don Eliécer akasema haraka. "Huwa anapotea huku."

Mtamba akawapita watu wa kamba, akaja mpaka ubavuni mwa Clavellina, akainamisha kichwa, akakisukuma kwa pua kile kiwele ambacho hakukinyonya tena tangu masika yaliyopita. Clavellina akageuka akamlamba mgongoni.  Daktari, nampa hilo, alingoja kidogo.

"Nani mama yake, mwalimu?" akauliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

Don Eliécer akavua kofia. Ni Aleida aliyejibu.

"Ni huyo," akasema. "Ni wa Clavellina."

Wakawapakia wote wawili. Mtamba alipanda kwa urahisi kwa sababu Aleida alimtangulia kwenye ubao akimshika sikio, maana wale watu walikuwa wameanza kumpiga kwa fimbo na yeye hakutaka apigwe. Aleida alipotoka ndani ya lori alikuwa mweupe kama unga uliokuwa mikononi mwangu. Nilimpa maji. Akanywa, akasema "Asante, Mama Mina," akaenda kulisha kuku, kwa sababu ilikuwa saa ya kuku.

Nilidhani hataimba tena. Nilidhani hivyo kwa sababu mimi ndivyo ningefanya, ningenuna mpaka kufa. Lakini kesho yake viwele vilikuwa vimejaa, na ng'ombe waliojaa wanaumia, na yeye hakuwa mtu wa kuwaacha waumie. Akaenda zizini. Akaimba jina la kwanza, ng'ombe akaja. Akaimba la pili. Akamruka Clavellina, akaimba jina la anayefuata, na anayefuata hakuja.

Ng'ombe wanajua zamu yao. Yule wa nyuma ya Clavellina, mzee mweusi aitwaye Noche, miaka yote alikuwa amesikia kwanza jina la mwenzake, kisha lake. Alisimama mbali na lango, amegeuza kichwa, anangoja. Aleida akamwita tena na tena. Wakamsukuma, akasimama pale bila kushusha hata tone, na nyuma yake wote wakakwama, na kundi zima likaanza kulia. Nilikuwa nimekuja kuchukua maziwa ya uji, nikasimama na sufuria yangu. Nikamwona Aleida ameegemeza paji la uso kwenye nguzo.  Kisha akaweka mkono shavuni.

*Clavellina, Clavellina,* akaimba, *njoo, umande umekauka.* Aliuimba wote mpaka mwisho. Wilmar, aliyekuwa na zamu ya lango la ndama, hakujua afanye nini, akalifungua. Hakutoka ndama. Akalifunga. Ndipo Aleida akaimba jina la Noche, na Noche akaja.

Ikawa hivyo kila alfajiri, muda wote uliobaki mpaka wamalize shule. Nilimwambia amwombe Don Eliécer zamu ya nguruwe. Akasema nguruwe wana watu wao. Nilimwambia amtumie baba yake habari, kuna watu wanaovuka mto. Akakataa. "Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Habari hii siyo ya kutumiwa mtu mdomoni mwa mtu."

Lakini hakuwahi. Siku ya kumaliza shule Don Críspulo alifika mapema mno, kabla hata sijawasha jiko vizuri, amesafiri usiku kucha juu ya farasi wa kuazima. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, na begani alikuwa na kamba mpya ya ngozi, amesokota mwenyewe, amepaka mafuta mpaka inang'aa. Sikupata ujasiri. Nikamwambia Aleida yuko zizini anakamua, ngoja amalize. Hakungoja. Mkamuaji hawezi kukaa jikoni wakati zizi linaimba. Nikamfuata na kikombe cha kahawa mkononi, nikamkuta ameshapanda uzioni kwa nje, upande ambao binti yake hamwoni, anasikiliza sauti yake huku akitikisa kichwa kidogo kidogo, kama fundi anayemsikiliza mwanafunzi wake na hapati kosa.

Akaimba la kwanza. Akaimba la pili. Kisha: *Clavellina, Clavellina.*

Don Críspulo akashuka uzioni haraka kama kijana. "Huyo!" akaninong'oneza, uso umemchanua. "Huyo ndiye mama yake. Sasa watakuja." Akafungua kitanzi cha kamba, akasogea mpaka karibu na lango, akakaa tayari.

Aleida akamaliza wimbo. Lango likafunguliwa, likakaa wazi, likafungwa.

"Mbona hawatoki?" Don Críspulo akaniuliza.

Nikamwambia anywe kahawa kwanza. Akaitazama kahawa, akanitazama mimi. Ndani ya zizi binti yake alikuwa ameshaanza kumwita Noche.  Mzee akaanza kuikunja ile kamba, taratibu, nami nikashika ncha ya pili nimsaidie.